Hesabu ya Moshi katika Uwanja Ulionyamaza

Tangu siku za mwisho za Januari 2025, vita vilipoingia Goma na uwanja wa ndege wa mji huo ukafungwa, wakazi wa Birere na Mapendo, ambao kwa miaka mingi walizoea kukatiza mazungumzo yao kila ndege ilipopita juu ya mabati ya nyumba zao, wamepata kimya wasichokiomba, na pamoja na kimya hicho hasara ambayo haihitaji mwandishi wa kuieleza: dawa huchelewa, mgonjwa mahututi hukosa njia, na mfanyabiashara mwenye shughuli Kinshasa hulazimika kuvuka mpaka na kupitia nchi za watu kabla hajairudia yake. Hayo yamesemwa, na wenye haki ya kuyasema wangali wakiyasema. Langu ni jambo la pembeni, la mtu aliyezoea kuhesabu moshi. Goma ni mji unaopumua mioshi ya asili nyingi, wa volkeno, wa makala, wa pikipiki, wa malori na wa jenereta, na aghalabu ni vigumu kuyatenga madhara ya mmoja na ya mwingine kwa kuwa yote huja pamoja na kuondoka pamoja. Sasa, kwa dhuluma ya vita na si kwa hekima ya mtu yeyote, mmoja kati ya hiyo umeondolewa mzima mzima na mingine imebaki. Mwenye kutaka kujua ndege huichafua hewa ya mji kwa kadiri gani hawezi kuomba jaribio lililo bora kuliko hili, na jaribio lenyewe litakwisha siku ndege za abiria zitakaporudi.

Jaribio la namna hii limewahi kufanyika, na ajabu ni kwamba lililetwa na volkeno. Aprili 2010 mlima Eyjafjallajökull wa Iceland ulitapika majivu yaliyotanda juu ya Ulaya, na kwa muda wa siku sita hivi uwanja wa Heathrow, London, ukasimama. Kando ya uwanja huo palikuwapo vituo vya kupima hewa vilivyokuwa vikiandika kila saa kwa miaka kabla ya hapo. Basi mtafiti David Carslaw na wenzake walipoyachukua maandishi ya siku zile, wakayalinganisha na yale ambayo vituo vingeonyesha kwa upepo uleule laiti ndege zingekuwa zikiruka, waliona dhahiri kupungua kwa oksidi za naitrojeni karibu na uwanja, wakaweza kusema, si kwa kukisia kutoka katika majedwali bali kwa burhani ya hewa yenyewe, kwamba uwanja una fungu lake mbali na fungu la barabara. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2012. La kuzingatia hapo si werevu wa hesabu yao, ingawa ulikuwapo. Ni kwamba daftari lilikuwa limekwisha kufunguliwa kabla majivu hayajafika. London iliijua hali ya kawaida, kisha ikapewa kimya. Goma imepewa kimya kwanza, na hali ya kawaida itafuata, nayo hesabu hukubali kufanywa kinyumenyume mradi daftari lifunguliwe sasa.

Ugumu wa Goma ni jirani yake. Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, na Nyamulagira ulio kaskazini-magharibi yake, ni miongoni mwa volkeno zinazomwaga dioksidi ya salfa kwa wingi kabisa duniani. Setelaiti huliona wingu lake, aghalabu likielekea magharibi, upande wa Rusayo, Sake na Masisi, ambako watu hukinga mvua yenye uchachu kwa ajili ya kunywa. Katika nyakati za ukali milima hiyo hutoa maelfu ya tani kwa siku. Sasa tufanye hesabu: kilo moja ya mafuta ya ndege yenye salfa ya kadiri, yaani sehemu tano katika elfu kumi, hutoa gramu moja ya dioksidi ya salfa, hivyo ili ndege zifikie tani elfu moja tu za hewa hiyo zingehitaji kuchoma tani milioni moja za mafuta. Kwa hiyo mtu atakayesimama penye uzio wa uwanja na kipimo cha salfa mkononi, akaandika kwamba uwanja ni mchafu, atakuwa ameupima mlima. Na atakayesimama papo hapo akaandika kwamba uwanja hauna kosa kwa kuwa mlima ni mchafu zaidi, atakuwa ametoa hukumu kwa ushahidi usiohusu kesi. Hoja hii ya pili ndiyo inayopendwa mjini, nami naiona kuwa hoja ya uvivu. Hali kadhalika kipimo cha dioksidi ya kaboni: katika vishimo vya ardhi ya magharibi mwa mji, kandokando ya ziwa, hukaa mazuku, hewa nzito itokayo ardhini ambayo imeua watu na mifugo, na chombo kilichowekwa karibu nayo hakitasema neno lolote mintarafu ya ndege.

Lakini kila moshi una alama zake. Makala ya mbabula hutoa kaboni monoksidi nyingi na chembechembe zinazoonekana kwa vyombo vya kawaida. Pikipiki hutoa kaboni monoksidi vilevile, pamoja na mvuke wa petroli usioungua. Vumbi jeusi la mawe ya lava, linalotimuliwa na magurudumu tangu Majengo hadi Ndosho, ni zito na huanguka karibu. Injini ya ndege inayosukuma kwa nguvu zote hutoa oksidi za naitrojeni, na pamoja nazo chembe ndogo mno, za upana wa nanomita kumi hadi arobaini, ambazo uzito wake si wa kutajika ilhali idadi yake hupita kiasi, na kwa udogo wake hupenya ndani kabisa ya pafu. Huko Los Angeles, katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, chembe hizo zilionekana kuzidi hadi kilomita 16 kutoka uwanja mkuu wa mji ule, upande ule ambao upepo huelekea. Goma si Los Angeles, na ndege zake hata katika siku za shughuli nyingi zilikuwa chache mno kwa kulinganisha. Lakini Birere nayo haiko kilomita 16 kutoka uwanjani. Soko lake na nyumba zake za mbao zimebanana na mwisho wa njia ya kurukia, kiasi kwamba tarehe 15 Aprili 2008 ndege iliyoshindwa kupaa iliingia moja kwa moja ndani ya mtaa na kuua makumi ya watu, wengi wao wakiwa si abiria, na tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Beni iliangukia nyumba za Mapendo punde tu baada ya kuruka.

Baada ya kuzijua alama za moshi, hakimu ni upepo. Ziwa Kivu liko kusini, milima iko kaskazini, na njia ya kurukia imelala kati yake. Mchana, jua linapoipasha nchi kavu, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, na usiku hewa baridi hushuka kutoka milimani kwenda ziwani. Maana yake ni kwamba moshi wa ndege ya adhuhuri huelekea zaidi Munigi, upande wa bara, na ule wa alfajiri, kabla jua halijashika, huelekea Birere, ambako mama wa sokoni amekwisha kupanga mafungu yake ya mboga. Kituo kimoja kilichosimikwa mahali pamoja, hata kikiwa cha thamani namna gani, kitashuhudia nusu ya siku na kunyamaza nusu nyingine. Na namba ya wastani wa mwaka itakayotoka humo, ikachapishwa katika kitabu chenye jalada zuri, itaficha lile lililotakiwa kufichuliwa.

Watu wakisikia habari za kupima hewa huwaza mitambo ya gharama na wataalamu wa kuletwa. Mitambo hiyo ipo na ina kazi yake, lakini kuna mrija wa plastiki wa urefu wa sentimita saba hivi, uitwao mrija wa Palmes, unaotumika tangu miaka ya 1970. Ncha yake moja ina kifuniko ambacho ndani yake umewekwa wavu mwembamba wa chuma uliolowanishwa triethanolamini. Ncha ya pili huachwa wazi, ikitazama chini ili mvua isiingie. Hauhitaji umeme, hauna saa wala taa, na mwizi hana la kufanya nao. Hufungwa kwa waya juu ya nguzo, kwa kimo ambacho mtoto hakifikii, ukakaa wiki mbili hadi nne ukinasa dioksidi ya naitrojeni. Kisha hufunikwa, huandikwa tarehe na saa, na kupelekwa maabara ambako kilichonaswa huonekana kwa kugeuka rangi. Mirija ishirini ya namna hii, mingine Birere na Mapendo, mingine Munigi, mingine Himbi karibu na ziwa, na mingine katika njia panda yenye pikipiki nyingi lakini iliyo mbali na uwanja ili iishuhudie barabara peke yake, ingetosha kuchora ramani ya kwanza. Namba zake zingepimwa kwa kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikitoa Septemba 2021, mikrogramu 10 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, huku tukikumbuka, na hapa wengi hukosea, kwamba uwanja wa Goma uko karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, ambako mkandamizo wa hewa ni pungufu kwa asilimia 17 hivi kuliko wa Mombasa, na hesabu ya kugeuza vipimo iliyotungwa kwa miji ya pwani haifai kuchukuliwa kama ilivyo.

Vyombo vya bei nafuu vya kupima chembechembe, kama vile vinavyotengenezwa Kampala na AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere tangu 2015, vimebuniwa kwa vumbi letu na kwa umeme wetu unaokatikakatika, na kwa moshi wa makala ni neema. Kwa uwanja wa ndege havifai. Vyombo hivyo huitambua chembe kwa mwanga unaotawanyika unapoigonga, na chembe iliyo chini ya sehemu tatu za kumi za mikroni haitawanyi mwanga wa kutosha, seuze ile ya ndege iliyo ndogo kuliko hapo kwa mara kumi. Atakayeweka chombo hicho ukutani mwa uwanja, akaona namba haikubadilika siku ndege ziliporudi, akatangaza kwamba ndege hazina madhara, atakuwa amefumba macho kisha akaapa kwamba hakuona kitu. Kwa chembe hizo pana mashine nyingine, inayozikuza kwa mvuke hadi ziweze kuhesabika; ni ghali, lakini moja tu ya kuazima kwa wiki chache, kabla na baada ya kufunguliwa, ingetosheleza.

Wala tusijidanganye kwamba kila kitu kingine kimebaki kama kilivyokuwa. Kambi za waliokimbia vita zilizouzunguka mji, Kanyaruchinya, Bulengo na nyinginezo, zilivunjwa Februari 2025 na mafiga yake yakazimika. Benki zilifungwa, fedha zikaadimika, na mji wenye fedha chache huchoma petroli kidogo. Kuulinganisha mwaka 2024 na mwaka 2025 kijuujuu kungetoa jibu la vita badala ya jibu la ndege. Ndiyo sababu nasisitiza mirija mingi kuliko kituo kimoja: kinacholinganishwa si wakati na wakati peke yake, bali ni tofauti kati ya mahali karibu na uwanja na mahali mbali nao, ambayo vita vimeibadili kidogo zaidi.

Njia ya pili ya kuhesabu, ambayo ndiyo hupendwa na maofisi, ni ya majedwali. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, huchukulia kwamba kila ndege, chini ya kimo cha futi 3,000, hutumia dakika 0.7 kuruka kwa nguvu zote, dakika 2.2 kupanda kwa asilimia 85 ya nguvu, dakika 4 kushuka kwa asilimia 30, na dakika 26 kutambaa ardhini kwa asilimia 7. Ukizidisha dakika hizo kwa idadi ya safari na kwa kiasi ambacho injini ya aina fulani hutoa, umepata moshi wa uwanja bila kutoka kitini. Kwa viwanja vikubwa jedwali hili halikosi maana. Kwa Goma lina kasoro mbili kubwa. Kwanza, dakika 26 za kutambaa ni za viwanja ambamo ndege hupanga foleni, na katika uwanja wetu mdogo rubani hufika penye kurukia baada ya dakika chache. Kinyume chake, penye viwanja virefu rubani huruka kwa nguvu iliyopunguzwa ili kutunza injini, ilhali Goma, ambako lava ya tarehe 17 Januari 2002 iliifunika theluthi ya njia ya kurukia na kwa miaka mingi ikabakiza mita 2,000 hivi kati ya 3,000, na hewa yenyewe ni nyepesi, rubani mwenye mzigo hakuwa na anasa hiyo. Jedwali basi hukuza kaboni monoksidi, ambayo ni moshi wa injini iliyolegea, na huweza kupunja oksidi za naitrojeni, ambazo ni moshi wa injini inayokazana. Pili, daftari la injini la ICAO huandika injini za jeti zenye msukumo unaozidi kilonyutoni 26.7; injini za pangaboi, kama zile za Antonov zilizobeba mizigo ya Kivu kwa miongo, hazimo. Ndege zilizoruka Goma kwa wingi ndizo zisizoandikwa.

Kuhusu tabianchi, ambayo ni hesabu nyingine kabisa, kimya cha uwanja hakituambii kitu, na inafaa jambo hili lisemwe waziwazi kabla hajatokea mtu wa kujisifu kwamba Goma imepunguza hewa ukaa. Safari ya Goma hadi Kinshasa ni karibu kilomita 1,560 kwa njia ya anga. Tuseme ndege yenye abiria 150 inachoma tani sita za mafuta. Kila kilo ya mafuta hutoa kilo 3.16 za dioksidi ya kaboni, kwa kuwa kaboni hujitwalia oksijeni ya hewani, na jumla yake ni karibu tani 19, yaani kilo 126 kwa kila mtu. Uwanja ulipofungwa kilo hizo hazikufutika. Abiria yuleyule sasa huvuka kwenda Gisenyi, hupanda gari hadi Kigali, kisha huruka kwa kupitia Nairobi au Addis Ababa, akiizunguka nusu ya Afrika ili afike mji mkuu wa nchi yake, na moshi wake, fauka ya kuongezeka, umehama daftari: safari ya Goma na Kinshasa ilikuwa ya ndani, ikistahili kuhesabiwa katika taarifa ya taifa la Kongo, ilhali safari za kupitia ugenini ni za kimataifa, huandikwa pembeni, nje ya jumla ya nchi yoyote, na kuachiwa mpango wa ICAO uitwao CORSIA, uliokubaliwa mwaka 2016. Mpango huo nao hauzihusu ndege za dola, wala za misaada ya kibinadamu, wala za kubeba wagonjwa, wala zenye uzito wa chini ya kilo 5,700. Ukiitazama Goma ya miaka iliyopita kwa miwani ya CORSIA, pamoja na helikopta zake za walinzi wa amani, ndege zake za misaada, vindege vyake vya madini ya Walikale na safari zake za Beni na Bukavu, utaona uwanja ambao karibu hauna ndege.

Naijua hoja itakayoletwa: kwamba katika mji ambao watu hutafuta chakula, kuhesabu naitrojeni ni starehe. Ningeikubali laiti gharama ya kutohesabu isingekuwa imekwisha kulipwa hapo hapo. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 za kuutengeneza uwanja huo kwa ajili ya usalama, na ndani ya msaada huo lilikuwamo fungu la Kituo cha Uchunguzi wa Volkeno cha Goma. Msaada kwa kituo ulikwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa mawasiliano na vyombo vya mlimani yakadhoofika kwa kukosa malipo ya intaneti. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka. Sidai kwamba intaneti ingeuzuia mlima. Nasema kwamba kipimo hakifi kwa kuvunjika, hufa kwa kukosa mshahara wa anayekisoma, na anayebuni mpango wa kupima hewa ya uwanja wa Goma aanze na mshahara huo kabla ya kuagiza chombo chochote.

Tarehe 30 Oktoba 2025, katika mkutano uliofanyika Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja utafunguliwa kwa ndege za misaada. Wanaoushika mji wakajibu kwa namna yao. Tarehe ya kufunguliwa si juu ya wapima hewa. Lililo juu yao ni kwamba mirija iwe nguzoni angalau mwezi mzima kabla ya siku hiyo, ibaki hapo kwa mwaka mmoja baada yake ili majira ya mvua na ya kiangazi yote yapite, na namba zake zibandikwe Birere kwa Kiswahili, mahali ambapo anayeupumua moshi anaweza kuzisoma. Na wewe uliye mwalimu wa kemia katika chuo chochote cha Goma, mwenye wanafunzi wenye subira, usingoje mkutano wa Paris wala mwingine: nguzo ziko nje ya uzio, na ruhusa ya kufunga mrija juu ya paa la nyumba yako ni yako mwenyewe.